Moto Unafuka tu, Hauwaki: Kuusoma Moto wa Kambi na Kuutibu

Kama unasoma haya huku umechuchumaa mbele ya kuni zinazofuka, giza linaingia na watoto wanauliza chai iko wapi, fanya mambo matatu kwanza. Acha kupuliza. Weka mbali mafuta ya taa. Toa kila ukuni ulio mnene kuliko kidole gumba, uuweke pembeni, ubaki na vijiti peke yake. Sasa una nafasi ya kulitafuta kosa. Mara nyingi utalikuta nusu saa nyuma, kabla hujawasha njiti ya kwanza, pale ulipokuwa ukiokota kuni kwa haraka.

Mimi ni mtu wa Pangani, pwani ya Tanzania, na kwetu kukoka moto hakukuwa somo. Kuti kavu, karara, makumbi mawili matatu, njiti moja, umemaliza. Mwaka wa kwanza nilipopandisha vijana wa skauti Lushoto, milimani, mwezi wa sita, ukungu umelala hadi saa nne asubuhi, nilimaliza kiberiti kizima mbele ya watoto waliokuwa wakitetemeka. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni kichwani alitutazama, akatua. Nikamwamkia. Hakunisema. Aliokota ukuni mmoja kwenye rundo langu akaukunja, ulipinda, haukukatika. "Mwanangu," akasema, "hii bado ni miti. Haijawa kuni." Akafungua mzigo wake, akatoa vijiti vya muwati vilivyokauka mpaka vikapauka, na haukupita muda tukawa na moto. Tangu jioni ile moto mbovu nausikiliza kama fundi anavyosikiliza injini: kwanza natazama moshi, nategea sikio sauti, ndipo napeleka mkono.

Nimeyapanga matatizo kwa malalamiko yenyewe, jinsi ninavyoyasikia kambini.

"Njiti inazimika kabla ya kufika kwenye majani"

Kichwa cha njiti kikimeguka, au kikiacha mstari kwenye ubavu wa kiberiti bila kuwaka, kiberiti kimeingia unyevu. Si lazima kinyeshewe. Usiku mmoja wa mlimani ndani ya hema, mfukoni mwa suruali yenye jasho, unatosha. Juani kitakauka kiasi, lakini usikitegemee tena. Dawa ni kubeba viwili, kimoja kikiwa ndani ya chupa ndogo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na ubavu wake wa kukwaruzia. Watu husahau ubavu, wakabaki na njiti kavu wasizoweza kuziwasha. Kiberiti cha gesi kikigoma kwa baridi, kiweke kwapani dakika chache. Gesi iliyopoa haitoki kwa nguvu.

Njiti ikiwaka ikazimwa na upepo, piga magoti, upe upepo mgongo, elekeza kichwa cha njiti chini ili mwali upande kwenye kijiti chake. Hata hivyo njiti huishi sekunde chache tu, na kwenye hali ya unyevu sekunde hizo hazitoshi kukausha na kuwasha kwa pamoja. Kwa hiyo sipandi mlima bila vipande vya mshumaa. Kipande cha urefu wa kidole kitawaka zaidi ya nusu saa, na unakisimika chini ya vijiti ukakiacha kifanye kazi. Pamba iliyopakwa mafuta ya mgando nayo ni nzuri mno: inawaka dakika kadhaa na haijali unyevu wa hewa.

"Vijiti viliwaka vizuri, nikaweka kuni, ukafa"

Hili ndilo kosa la watu wengi, na ningekuwa na dakika tano tu za kumfundisha mtu kukoka moto, ningezitumia zote hapa.

Mwali unaouona si mti unaowaka. Mti ukipashwa joto hadi kiasi cha nyuzi 300 hivi hutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayowaka. Kijiti chembamba kama njiti hufika huko mara moja. Ukuni wa unene wa mkono una mwili mkubwa, na kila joto unaloupa uso wake linavutwa kwenda ndani. Vijiti vyako vinaungua vinaisha kabla uso wa ukuni haujaiva. Kilichobaki ni jivu chini na gogo lenye masizi juu. Mtu analaumu kuni, anasema ni mbichi, kumbe alitaka kuruka kutoka sakafuni hadi darini.

Zipo ngazi, na kila moja lazima ishike kabla hujapanda inayofuata: unyasi mkavu au magome laini, vijiti vya unene wa njiti, vya unene wa penseli, vya kidole gumba, kisha vya kifundo cha mkono. Kuni nene zaidi ya hapo zinangoja makaa.

Ngazi watu wanazijua. Wanachopunja ni wingi. Mtoto ataniletea vijiti kumi vya unene wa njiti akidhani ametimiza. Ninachotaka ni fungu ambalo ukilizungushia mikono miwili, vidole havikutani. Fungu la namna hiyo la njiti, jingine la penseli, mara mbili yake la kidole gumba, vyote vikiwa chini, mkono unavifikia bila kusimama. Kambini kwangu hakuna anayegusa kiberiti kabla sijayaona mafungu hayo yamepangwa kutoka dogo hadi kubwa. Wananung'unika, kwa sababu kuokota kunaweza kuchukua dakika arobaini na kuwasha kunachukua kumi. Lakini mtu anayeondoka mbele ya moto mchanga kwenda kutafuta vijiti zaidi, akirudi ataukuta umekufa.

Kama umeshaingia kwenye shimo hili, rudi nyuma ngazi mbili, si moja. Kuni za kidole gumba zikigoma, usijaribu penseli, shuka hadi njiti. Kusanya makaa yaliyopo yagusane, maana kaa moja peke yake hupoa na yakikaa pamoja hupashana. Weka fungu zima la vijiti kwa mkupuo, viegemeane, halafu sasa puliza: pumzi ndefu, nyembamba, kutoka chini, ikilenga makaa. Nilikuambia mwanzoni uache kupuliza kwa sababu pumzi pasipo makaa mekundu inapoza tu kile kidogo ulichokipasha.

"Moshi mweupe, mzito, mwali hakuna"

Moshi mweupe ni mvuke wa maji uliochanganyika na zile gesi ambazo zingepaswa kuwaka. Kwa hiyo moto wako una njaa ya joto kwa sababu ya maji, au ya hewa kwa sababu ya kubanwa. Usibahatishe. Sikiliza. Ukuni unaolia "chiii" na kutoa povu kwenye ncha una maji. Moto unaofuka kimya, kuni zimelaliana kama magunia, umebanwa. Ingiza kijiti kirefu uinue rundo kidogo, na mwali ukiruka papo hapo umepata jibu.

Tuseme ni maji. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Kuni nzuri iliyokauka huwa chini ya moja ya tano. Tofauti hiyo yote lazima ichemke na kutoka kama mvuke kabla ukuni haujaanza kukupa chochote, yaani kila gogo bichi ni sufuria ya maji uliyoibandika juu ya moto wako bila kujua. Hata ukifanikiwa kuliwasha, joto linaishia humo, na wali wako unangoja.

Kuzipima kuni hakuhitaji chombo. Zikunje: kavu hukatika kwa mlio. Zigonganishe: kavu hulia kwa sauti ya juu, mbichi hutoa sauti iliyokufa. Kwangua gome kwa ukucha. Ukiona kijani, mti huo ungali hai. Na kipimo ninachokiamini kuliko vyote nilifundishwa na yule mama: uguse kwenye shavu. Kiganja cha mtu aliyeshika panga siku nzima hakihisi vizuri, shavu linahisi. Ukuni wenye maji ni wa baridi.

Sasa utapata wapi kikavu katika msitu ulionyeshewa siku tatu? Si chini. Kilicholala ardhini kimekunywa, hata kama juu kinaonekana kizuri. Inua macho. Misonobari ina vitawi vya chini vilivyokufa zamani lakini vingali vimeshikilia shina, vimefunikwa na matawi ya juu kama wanavyojikinga ndege. Hivyo hukatika kwa mlio hata mvua ikinyesha. Mikaratusi huvua magome yake kwa mikanda mirefu, na ile mikanda inayoning'inia au kunasa kwenye panda hukaushwa na upepo haraka. Ipondeponde mkononi mpaka iwe kama nyuzi za katani, hakuna kianzio kizuri zaidi yake. Kisha tafuta mti mdogo uliokufa ukiwa umesimama. Mvua huwa imelowesha gome tu na unene wa kucha chini yake. Upasue vipande vinne: weka makali ya panga juu ya kichwa cha ukuni, gonga mgongo wa panga kwa kipande kingine cha mti, usirushe panga hewani watoto wakiwa karibu. Moyo wake ni mkavu. Huo uuchonge kwa kisu ukiacha maganda membamba yakining'inia kama manyoya ya kuku, na manyoya hayo ndiyo ngazi zako mbili za kwanza.

Lakini uliza kwanza unaokota wapi. Msitu wa Magamba, karibu na Lushoto, kwa mfano, ni hifadhi ya mazingira asilia, na katika misitu ya namna hiyo na mbuga za taifa kuni haziokotwi kiholela hata kama zimejilalia. Ongea na wahifadhi. Mara nyingi mimi hununua mizigo kwa akina mama wa kijijini. Kuni zao zimekaa chini ya uvungu wa paa miezi, na hakuna kuni nitakayoipata msituni kwa saa moja itakayoifikia hiyo.

Kuni utakazozitumia baadaye zipange kando ya moto, zisiguse mwali, uwe unazigeuza. Moto ukikausha chakula chake wenyewe, saa mbili za baadaye zinakuwa nyepesi.

Na usichome usichokijua. Utomvu wa mnyaa ni hatari kwa macho, na moshi wake unawasha vilevile. Matawi ya ule mti unaochemshwa kupata sumu ya mishale usiyafanye vijiti vya kuchomea nyama. Kama hakuna mwenyeji wa kukuambia mti huu ni upi, uache.

"Kuni kavu, vijiti vingi, lakini unasinzia"

Gusa ardhi. Udongo uliolowa hufyonza joto kutoka chini na kurudisha mvuke. Laza kuni sita au saba za unene wa kifundo cha mkono sambamba, kama kitanda cha kamba, uwashe juu ya kitanda hicho. Kitakuja kuwaka chenyewe na kuwa makaa.

Kisha tazama mawe. Vijana hupenda kuzungushia moto duara la mawe lililoshikana, refu kama kisima, halafu moto unakosa pumzi. Wazee wetu waliweka mafiga matatu, na kati yake ikabaki milango mitatu. Fuata hesabu hiyo. Mlango mmoja uuelekeze upepo unakotoka.

Moshi ukiwa mweusi badala ya mweupe, hapo mtu ametia plastiki, tyubu ya baiskeli au mafuta. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, lakini vifungashio na chupa bado vinaingia motoni kwa mazoea ya nyumbani. Moshi ule unaingia kwenye ugali na kwenye vifua vya watoto. Hakuna haraka inayouhalalisha.

Mafuta ya taa juu ya makaa ya moto ni hatari kwa namna ambayo mtu haioni. Hayawaki mara moja. Yanageuka mvuke, mvuke unajikusanya na moshi mweupe, mtu anainama kupuliza, na hapo vyote vinalipuka pamoja usoni. Petroli ni mbaya zaidi: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi kwenye miguu yako na kwenye dumu uliloliweka nyuma yako. Nimemwuguza kijana aliyeungua hivyo na sitaki kuliona tena jambo lile. Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yatiririke dakika 20. Dawa ya meno hapana, ute wa yai hapana, siagi hapana. Uso, mikono, au jeraha pana kuliko kiganja cha aliyeungua, mpeleke hospitali.

"Moshi unanifuata kila ninapokaa"

Ni kweli unakufuata, hukosei. Moto unavuta hewa kutoka pande zote. Mwili wako unaziba upande mmoja, hewa inapungua hapo, moshi unavutwa kuja kuijaza nafasi. Kuhama hakusaidii usiku ambao hauna upepo. Jenga ukuta mdogo wa mawe au magogo mabichi, hadi magotini, upande ulio mkabala na unapokaa. Moshi utauegemea ukuta badala yako, na joto litarudishwa kwako. Halafu shughulikia kiini: moshi mwingi ni kuni ambayo haijaungua vizuri. Moto mdogo wenye mwali safi hauna kitu cha kukufuata nacho.

"Unawaka sana lakini hauachi makaa"

Hapa si ugonjwa, ni kuchagua kuni isiyofaa kwa kazi yako. Msonobari unakupa mwali mrefu, mwanga na sauti. Ukimaliza kuimba umebaki na jivu jepesi. Muwati, mgunga, mkorosho, mkaratusi uliokauka vizuri: hizo huacha kaa zito la kubandikia sufuria. Kwa sababu hiyo huwa nakoka mioto miwili. Mmoja wa kupikia, mdogo, umewashwa saa nzima kabla ya sufuria kubandikwa ili makaa yawe tayari. Mwingine wa jioni, wa duara na nyimbo, ule ambao skauti wa kila nchi wanaujua tangu enzi za Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyezikwa Nyeri, Kenya, mwaka 1941. Ukilazimisha moto mmoja ufanye kazi zote mbili, ugali utaungua chini na kubaki mbichi juu, na wimbo utakatizwa na mpishi.

Na kama kuni zinaisha haraka mno, angalia unavyozilisha. Lugha yetu ina neno kwa kazi hii: kuchochea. Kuni ndefu tatu, vichwa vinakutana katikati ya mafiga, mikia iko nje. Zikiungua unazisukuma ndani kidogo kidogo. Ukitaka moto upungue unazivuta nje. Hakuna haja ya kuzikata, hakuna haja ya kujaza. Nimeona wageni wakifundishwa jambo hili kama mbinu mpya wakati kila bibi nyumbani kwetu amelifanya maisha yake yote.

Cheche na mawe yanayolia

Kuni zenye utomvu, kama msonobari na mtarakwa, hurusha cheche kwa sababu vifuko vya utomvu na unyevu vinachemka ndani vikapasuka. Hema ziwe mbali, hatua sita kwa uchache, na upande upepo unakotoka. Hema nyingi za siku hizi ni nailoni. Cheche moja, tundu moja.

Mawe ni jambo la kuogopa zaidi. Jiwe la mtoni limekunywa maji miaka mingi. Maji yakigeuka mvuke ndani yake hayana pa kutokea, jiwe linapasuka na vipande vinaruka. Ukisikia jiwe linatoa mlio mwembamba au "ta!" ndogo, waondoe watu, usilisogelee kulitoa. Mafiga yatoke mlimani au penye ukavu, kamwe yasitoke kitandani mwa mto. Mawe ya matumbawe ya pwani nayo yana vitundu vinavyobeba maji, yaache.

Ufukweni

Kwetu Pangani shida ni kinyume cha Lushoto: moto unawaka upesi kupita kiasi. Kuti kavu linalipuka kwa mwali wa urefu wa mtu kwa sekunde chache, linarusha majivu mekundu, na upepo wa kusi ukiwa unavuma, paa la makuti la jirani liko njiani. Livunje vipande vifupi, utie kimoja kimoja. Chimba shimo la kina cha kiganja, lakini usifike kwenye mchanga uliolowa. Vifuu vina moto mkali na makaa safi ya kuchomea samaki. Makumbi hufuka taratibu, yanafukuza mbu na kutunza moto, lakini usiyategemee kuchemsha maji.

Magogo yaliyoletwa na bahari yamejaa chumvi. Moshi wake si mzuri, usichomee chakula, vilevile mbao za vyombo zilizopakwa rangi. Mikoko, nayo, inawaka vizuri sana na ndiyo maana imekwisha sehemu nyingi. Usikate.

"Maji yanachemka, maharage hayaivi"

Moto wako hauna kosa. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka kabla ya kufikia joto la kawaida. Lushoto mjini, kiasi cha mita 1,400, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya Kilimanjaro, ni karibu 88. Ukiongeza kuni, maji yatatokota kwa fujo zaidi lakini hayatakuwa ya moto zaidi, utamaliza kuni tu. Loweka maharage tangu jana, funika sufuria, weka jiwe juu ya kifuniko, ongeza muda. Au beba dengu. (Kilimanjaro kwenyewe wapandaji hawaruhusiwi kukoka moto wa kuni, wapishi wanatumia gesi.)

Asubuhi umekufa

Kama umeachwa wazi, lazima ufe. Kaa zito la muwati au mgunga lililofukiwa ndani ya majivu makavu hulala hai hadi alfajiri. Fukua, weka unyasi, puliza polepole. Fanya hivyo penye udongo mtupu tu, usiku usio na upepo, na pakiwa na mtu wa zamu. Na makaa hayo usiyaingize hemani kwa sababu ya baridi, hata kwenye jiko, hata kidogo. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu na haina moshi. Waliolala hawaamki kuisikia.

"Tuliuzima, ukaamka"

Oktoba 2020 Kilimanjaro iliungua siku nyingi, na Oktoba 2022 ikaungua tena. Ni mwezi ambao vuli haijakolea na mlima umekauka. Nawaambia vijana tarehe hizo kila mwaka kabla hatujafunga hema.

Moto ulioamka huwa haukuzimwa, ulifukiwa. Mtu anapiga teke udongo juu yake, hauonekani, anaondoka. Udongo na mchanga ni blanketi: makaa yanaendelea chini kwa saa nyingi, na ufukweni mtoto wa mtu atapita hapo pekupeku. Msituni kuna jambo baya zaidi. Ardhi ya msitu wa mlimani si udongo, ni mboji, majani yaliyooza kwa kina cha mkono au zaidi, na mizizi ndani yake. Mboji ikikauka inawaka bila mwali. Moto unatembea chini, unafuata mzizi, unatokea mita kadhaa kutoka ulipoukoka siku mbili baadaye, wakati wewe uko nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, fukua mboji mpaka uone udongo wenyewe, uiweke kando.

Kuzima kunaanza nusu saa kabla ya kuondoka: acha kuchochea, tawanya kuni, ziungue ziwe jivu. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kijiti, pindua kila kijinga cha moto, mwagia na upande wa chini. Mimina tena. Sauti ya "shhh" ikiisha, kaa kimya usikilize mara nyingine. Kisha leta mgongo wa mkono karibu na majivu, halafu uyaguse, chini kabisa katikati. Yakiwa vuguvugu, ongeza maji. Yakiwa baridi kama tope la mtoni, rudisha ile mboji uliyoifukua, kisha majani juu yake.